Sikio la Kushoto

Ukitaka kumjua Lako Tombe, usimtazame yeye. Hana cha kutazamwa zaidi ya tumbo linalomtangulia kila aendako kama mpambe wa mkubwa. Tazama anakotazama. Mletee ng'ombe wa nguvu, kiwele kinagusa nyasi, pembe zimepanda kama milingoti ya simu. Wenzake watasifu kiwele, watasifu pembe, na kwa haki, maana dunia nzima haina pembe kama za Sudan Kusini, na anayebisha alete za kwao tupime. Lako yeye atainama upande, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani, atazame sikio la kushoto. Kisha atashusha pumzi, ajaze sindano, achanje. Ndiyo maana pale Gudele, mtaa wa Juba, walimwita Lako Masikio. Wala hakununa. Aliitika.

Ilikuwa miaka ile ya amani iliyotiwa sahihi Kenya, watu wakirudi Juba kutoka kila pembe, kila mmoja na lugha yake na sufuria zake. Lako alirudi kutoka Bweyale, Uganda, alikokulia ukimbizini. Alirudi na mke Mganda, na ujuzi wa kuchanja mifugo, na Kiarabu kibovu cha kuwachekesha hata punda wa kubeba maji. Mke huyo ni Josline, muuza chai wa kando ya barabara ya Gudele, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya viazi.

Na hapo kwenye chai ya Josline ndipo ungekutana na kichekesho cha mji ule. Juba imezungukwa na ng'ombe. Upepo ukivuma vizuri unawasikia wakilia. Lakini maziwa ya chai yalikuwa ya unga, ya kopo, yamepanda lori kutoka Kampala. Ng'ombe wa jirani walikuwa wakifa kwa homa ya mapafu, na aliyebaki hai alikuwa na maziwa ya watoto wa mwenyewe tu, siku nyingine hata hayo hayakutosha. Basi watu wa nchi ya ng'ombe walikunywa unga, wakajipangusa midomo, wakasema tamu. Lako alikoroga kikombe chake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Baba Sunday, kunywa," Josline alimwambia. Sunday ndiye mtoto wao. "Hiyo chai haina ng'ombe ndani. Hata ukoroge mpaka jioni, hatatoka."

Alichokuwa akikitafuta Lako kilianza zamani, ng'ambo ya mto, kwenye zizi la baba yake, mzee Tombe. Vita vilipokaribia, mzee alimwachia ng'ombe wake rafiki mmoja mchungaji, akawabeba watoto, akatembea hadi mpakani. Alidhani ni kwa msimu mmoja. Msimu huo ukala utoto wa Lako, ukala ujana wake, ukamla na mzee mwenyewe.

Kule Bweyale, mzee alilima mahindi mchana kama watu wote, lakini jioni alirudi kwa ng'ombe wake. Aliwataja mmoja mmoja: yule mwenye doa la mkaa begani, yule mvivu wa kuvuka mto, yule ambaye maziwa yake, yakitiwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kuni za kwao, hayakuwa na ndugu duniani. Kisha alichuma jani la mfenesi, maana jani hilo limefanana na sikio, akalikata kwa wembe: ncha inaondoka upande, na chini yake kipengo kidogo, kama mtoto aliyeng'oka jino. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya zizi lake, sikio la kushoto.

"Aliyewekewa ng'ombe," mzee alisema, "humkata ndama kama mama yake alivyokatwa. Mwenyewe akipotea, alama haipotei. Haifutwi ila kwa mkono wa mwenyewe." Halafu alimpa Lako jani na wembe. "Kata nione." Mpaka mzee anazikwa, miti ya mifenesi ya jirani ilikuwa na majani mengi yenye mapengo.

Kwa hiyo usimcheke Lako. Au mcheke, lakini ujue unacheka nini.

Kazi yake Juba ilikuwa kwenye kikosi cha kuchanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu. Dawa ilikuja kwa ndege kutoka Nairobi, ikapokelewa uwanjani na Arkangelo, dereva na mlinzi wa barafu, mtu aliyekaa Juba vita vyote bila kutoka, akajifunza Kiswahili kwa kugombana na wauza ndizi wa Uganda. Arkangelo alilipenda sanduku la barafu kuliko ndugu zake. Dawa hiyo ikipata joto imekufa, na ikishachanganywa na maji haingoji mtu aliyeenda kusalimia.

Kila ng'ombe akishachomwa sindano alitobolewa kwa koleo tundu la mviringo kwenye sikio la kulia, ijulikane amemaliza. Basi wachungaji walilipenda hilo tundu kuliko sindano yenyewe! Ni watu wanaokata masikio ya ng'ombe tangu enzi za mababu. Sindano haiachi kitu cha kumwonyesha jirani, lakini tundu, hata mgeni analiona. Lako aliwatobolea, wakafurahi, naye akafurahi kwamba wamefurahi. Hakuwaza zaidi.

Siku yenyewe walikuwa kwenye kambi ya ng'ombe nje ya Lemon Gaba, mara ya pili kufika pale. Walikuwa wanamalizia waliokosa mara ya kwanza. Jua lilikuwa limepanda, na barafu inalia machozi.

"Masikio!" Arkangelo alipiga kelele kutoka kwenye gari. "Barafu nakufa! Chanja, wacha kusoma gazeti!"

Lako alikuwa kweli amesimama kama asomaye. Mbele yake, kwenye ujia mwembamba wa miti ambamo ng'ombe hubanwa wasirushe mateke, alisimama ng'ombe wa kijivu na ndama nyuma yake. Ncha ya sikio la kushoto imeondoka upande. Chini yake kipengo.

Alilishika sikio lile polepole, akapitisha kidole gumba kwenye kipengo, na kwa muda kidogo hakuwa Juba.

"Mbona unamshika sikio kama mwalimu?" sauti ikasema. "Amekosa hesabu?"

Mwenye ng'ombe alikuwa mama mrefu wa Kidinka, Awien kwa jina, kiko mdomoni, Kiswahili chake cha Kenya kwa sababu vita vilimtupa kambini Kakuma. Yeye na Lako walisikilizana kwa lugha hiyo ya ukimbizini. Kiarabu cha Lako kingeleta kesi.

"Huyu ni wako, mama?"

"Ni wangu. Wengine ni wa ndugu yangu, Aguer. Mimi niko na huyu mmoja, na wajukuu wako na huyu mmoja."

"Na hii alama? Nani alimkata?"

Kiko kikatoka mdomoni. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Hakuna mtu huuliza sikio tu, daktari." Alimtazama juu mpaka chini, na kwenye tumbo akakaa kidogo. "Mama yake alikatwa hivyo. Nyanya yake pia. Nyanya yake alikuja kwetu kwa mahari ya dada yangu, wakatuambia huyu ni amana ya mtu mmoja alikimbia vita, msifute alama. Hatukufuta." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini huyo mtu si alikufa?"

Lako alijua jibu. Alikufa, ndiyo. Alizunguka upande wa pili apate pa kuficha uso, akaona sikio la kulia lina tundu.

"Huyu alishachanjwa," alisema. "Mpitishe, mama."

Awien akampitisha haraka kama mtu aliyekwepa askari.

Jioni hiyo Lako alimweleza Josline yote, na alipomaliza, chai ilikuwa imeota ngozi.

"Sasa wewe unataka nini?" Josline akauliza. "Ng'ombe ama sikio?"

"Nataka maziwa yake kwenye kibuyu. Na mzee awe amekaa pale," akaonyesha kigoda kando ya jiko, "ananiambia nimekama vibaya."

Josline hakumtania. Alikaa kwenye kigoda kile yeye mwenyewe. "Hiyo haina dawa kwenye sanduku lenu," alisema. "Lakini kama ni ng'ombe, enda umwongeleshe yule mama kama mtu. Usiende na chifu."

Lako aliitikia vizuri sana. Kesho yake akaanza kukata miti ya boma. Mwanamume hajaposa, tayari anapima kitanda! Alizungushia ua wake miiba kwa ustadi, akaweka na kisusi cha kukinga mvua, majirani wakapita wakiuliza, "Masikio, simba anakuja?" Moyoni alikuwa ameshapanga: atakwenda kwa Awien kwa maneno mazuri; maneno yakishindwa, kuna baraza la chifu, na huko alama ingesema yenyewe. Angeshinda, alijua. Hakujua tu angemtazama vipi Josline baada ya kushinda.

Juma lilipopita alimpandisha Arkangelo garini wakaenda. Kabla hawajafika kwa Awien, Lako alisikia kitu, akamsimamisha Arkangelo. Dume mmoja wa Aguer alisimama peke yake, shingo ameinyoosha, viwiko vya miguu ya mbele amevipanua kama mtu anayejaribu kupita mlangoni na mizigo, na anakohoa. Kikohozi kifupi, cha maumivu, cha mtu asiyetaka kusikika.

Awien alikuwa ameketi, anakata tumbaku kwa kisu. "Hata mimi nimesikia," alisema. "Huyo alikuwa malishoni mbali, hamkumchanja. Lakini wangu haina shida. Iko na tundu."

Lako alikwenda kwenye sikio la kulia, akalitazama safari hii. Tundu lilikuwa na ukingo uliokunjamana kama mdomo wa mbuzi mzee, nyama imeungua pembeni. Koleo halikati hivyo.

"Mama. Hili tundu nani alitoboa?"

"Aguer, na msumari wa moto." Alisema bila aibu, hata kwa kujivunia kidogo. "Mara ya kwanza mkikuja, tulikuwa mtoni, tukachelewa. Tukaona wenye tundu wako sawa. Si dawa inapitia hapo?"

Arkangelo aliangua kicheko, akakimeza alipoona uso wa Lako.

"Dawa iko kwenye sindano, mama. Tundu ni la kusema tu kwamba nimemaliza."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Swali jepesi, na Lako angeweza kulijibu kwa uongo mwepesi. "Sikutazama," alisema. "Nilikuwa natazama sikio hili lingine."

Sanduku lilikuwa tupu. Dawa nyingine ilikuwa ingali Nairobi ikingoja ndege. Lako alimweleza: ng'ombe huyu na ndama wake bado wazima, lakini wakinywa maji na dume yule, wakalala naye zizi moja, hawatakuwa wazima dawa itakapofika. Watoke leo. Waende mahali pasipo ng'ombe wengine, pasipo wezi, wakae mpaka wachanjwe na kikohozi kipite.

"Wapi?"

"Kwangu. Gudele."

"Kwako," Awien akarudia.

"Mama, usiogope," Arkangelo akaingilia kwa moyo mweupe. "Boma iko tayari! Huyu alijenga siku nyingi. Hata kivuli iko!"

Awien aliinuka, na alipoinuka alimpita Lako kwa kichwa kizima.

"Ni wewe," alisema. "Wewe ni mtoto wa yule mtu. Nimekaa Kakuma na mataifa yote ya dunia, nimeona ujanja wa kila aina. Lakini mtu kutumia kikohozi kama askari, ng'ombe atembee mwenyewe mpaka kwa boma yako? Huu ni mpya. Nakupatia hongera." Akaelekeza kiko kwenye kibanda ambako wajukuu walikuwa wanalamba sufuria. "Posho ya warudio ilikwisha. Hao wanakula huyu ng'ombe bila kumchinja, kila asubuhi. Akienda kwako, watakula nini? Masikio?"

Nusu ya aliyoyasema mama yule ilikuwa kweli. Boma alilijenga kwa tamaa. Kikohozi kilikuwa kweli pia, lakini nani atamwamini mchawi akipiga kelele ya moto?

"Ya akhu, ndugu yangu, twende kwa chifu," Arkangelo akamnong'oneza. "Alama yako. Unachukua leo kwa sheria."

Kwa sheria, ndiyo. Ila baraza halikai leo. Wazee wataitwa, Aguer ataitwa, mashahidi watatafutwa ng'ambo ya mto, na wakati huo wote ng'ombe atakuwa hapa. Dume likakohoa tena. Ng'ombe wa kijivu akageuza shingo kulitazama, na lile sikio la kushoto likatikisa nzi, kile kipengo kikafunguka na kujifunga.

"Alama yenu ikoje?" Lako akauliza.

Awien alishangaa. "Ya Aguer? Ncha inakatwa sawa. Halafu mikato miwili juu."

"Niazime hicho kisu."

Alimpa, labda kwa mshangao tu. Lako alikipangusa tumbaku, akakimwagia spiriti, akamwambia Arkangelo ashike pembe. Kisha akasimama. Kidole gumba kilirudi kwenye kipengo, kikakaa. Kule Bweyale, jani lilipokatwa lilitoa utomvu mweupe, mkono ukanata. Mzee alikuwa akimpigapiga kiwiko: usiogope, kata mara moja, ukisitasita unamwumiza.

Akakata mara moja. Ncha ikaondoka sawa, na kipengo kikaondoka nayo. Halafu mikato miwili juu. Ng'ombe alilia, damu ikamwagikia mkono wa Lako hadi kwenye saa.

Kipande cha sikio kilianguka vumbini. Lako aliinama kukiokota, na tumbo, ambalo halijawahi kumsaidia kitu, likamchelewesha. Mbwa wa Awien akapita kama risasi, akakinyakua, akaenda kukitafuna nyuma ya kibanda. Arkangelo alitaka kumtupia jiwe. "Mwache," Lako akasema. Alibaki ameinama vilevile, mikono magotini, zaidi ya mtu anavyoinama kwa ajili ya kipande cha sikio.

Awien alikuwa ameyaona yote. Katika nchi ile hakuna asiyejua ni nani anayeruhusiwa kuifuta alama.

"Kumbe ni wewe mwenyewe kweli," alisema taratibu.

"Nilikuwa."

Awien aliweka kiko mdomoni, akafungua kamba, akamwongoza ng'ombe yeye mwenyewe hadi Gudele, ndama akifuata, Arkangelo akiwasindikiza kwa gari kwa mwendo wa msiba, akiwapisha watu wa boda waliomtukana kwa lugha zote.

Dawa ilifika, ikawakuta wazima. Lako alichanja kambi yote safari hii, akitazama masikio yote mawili, na kila tundu alilotoboa alilifuata na mahubiri marefu kuhusu sindano, hadi wachungaji wakaanza kumkimbia. Dume la Aguer lilikufa, na wengine kadhaa. Ng'ombe wa kijivu alikaa uani kwa Lako mvua zote, sikio la kulia lina matundu mawili kama kitufe cha shati.

Kila alfajiri Awien alikuja na wajukuu na kibuyu. Alikama, wajukuu wakanywa pale pale, kibuyu kikajaa, na kikombe kimoja akamwachia Josline bila kusema ni cha nini. Josline alikitia kwenye chai ya biashara siku ya kwanza, kwa majivuno makubwa, na wateja wakarudisha vikombe. Inanuka ng'ombe, walisema. Leta ile ya kopo. Aliwatukana Kiganda kizima, kisha kikombe kikawa cha Lako.

Lako alikinywa taratibu, amesimama bomani. Kibuyu cha Awien kilifukizwa kwa moshi wa samadi, si wa kuni za ng'ambo ya mto. Aliyazungusha maziwa kinywa kizima, akafumba macho, akamtafuta mzee.

"Je?" Josline akauliza.

"Inakaribia," Lako akasema. Kila asubuhi alisema hivyohivyo. "Inakaribia."

Kikohozi kilipokwisha kambini, Awien alikuja kuwachukua. Ndama alikuwa amekua, anarusha miguu, amekula nusu ya kisusi. Awien alifunga kamba, akasita.

"Huyu hajakatwa bado," alisema. "Nitamkata kama mama yake alivyokatwa."

"Ndivyo inavyotakiwa, mama."

"Ncha sawa. Mikato miwili juu."

"Ndivyo."

Mama yule alimtazama kama mtu anayengoja neno lingine, akaona halitoki, akavuta kamba. Waliondoka kwa njia ya Lemon Gaba. Ndama alikuwa wa mwisho, na kabla hajatoka langoni Lako aliinama upande, kama kawaida yake, akatazama. Sikio la kushoto lilikuwa zima, laini, linapitisha mwanga wa asubuhi na mishipa yake ikionekana, kama jani. Vidole viwili vya Lako vikajikunja vyenyewe, vikaikata hewa mara moja, bila kusitasita.